UZI: Jina la mtu halifutwi. Ilani za leseni kwenye msimbo wa programu huria, na kazi iliyotukuta

FundiWaMtambwe (mleta uzi)

Assalaam alaykum wadau.

Uzi huu nimekaa nao kifuani zaidi ya mwezi. Mimi mtu wa Mtambwe, Pemba, ila riziki iko Mjini, ofisi ndogo ya watu watano huku Michenzani. Tumetengeneza programu ya simu kwa ajili ya wakulima wa mwani: mama anapima mzigo wake, anaandika kilo, mnunuzi anaona, na kuna ramani ya kuonesha mzigo uko pwani ipi. Kama ilivyo kwa karibu kila programu siku hizi, sehemu kubwa ya msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu, hatukuiandika sisi. Tumejenga juu ya kazi za watu.

Siku za kukabidhi, aliyegharamia kazi akaomba kitu ambacho hatukukitarajia: orodha ya kila kipande cha programu huria (ile ambayo mwenyewe ameruhusu watu waitumie na waibadilishe) kilichomo ndani, leseni yake, na nani mwenye hakimiliki. Nikasema hilo la nusu saa. Nikafungua faili la kwanza: hakimiliki, jina la ofisi yetu. La pili: jina la ofisi yetu. Nikaenda kwenye maktaba ya ramani, yaani msimbo ulioandikwa tayari ili wengine wautumie, Leaflet, ambayo kila mtu wa fani anajua si yetu. Juu kabisa, jina la ofisi yetu.

Mwenzetu mmoja, kijana mchapakazi, aliambiwa ayasafishe mafaili kabla ya kukabidhi. Akaandika skripti fupi, programu ndogo, iliyofuta maelezo yote ya mwanzo wa kila faili na kubandika ilani moja ya ofisi. Ilipita kila folda, yetu na ya watu. Simlaumu. Aliyemwambia asafishe hakumwambia lipi uchafu na lipi si uchafu, na aliyemwambia ni mimi.

Kurudisha vitu mahali pake kumetuchukua siku kumi na moja. Nimeandika haya ili mwengine asizipoteze hizo siku, na pia kwa sababu ilinishughulisha roho. Nilikuwa nimeweka jina langu kwenye jasho la mtu.

Ilani yenyewe ni nini? Ile mistari ya juu ambayo wengi tunairuka ina mambo matatu yaliyoshikana. Kuna jina la mwenye hakimiliki, mara nyingi na mwaka. Kuna ruhusa: ufanye nini na kwa sharti gani. Halafu kuna kanusho, kwamba kitu kinatolewa kama kilivyo, bila dhamana, kikikuharibikia usimdai mwandishi.

Watu hudhani zito ni jina. Mimi naona zito zaidi ni ruhusa. Hakimiliki haisubiri kuandikishwa. Mtu akishaandika msimbo tayari ni wake. Huo ndio msingi wa Mkataba wa Berne, ambao Tanzania imo tangu 1994, na mkataba wa biashara wa kimataifa wa TRIPS unasema programu ya kompyuta ilindwe kama maandishi ya fasihi. Na sisi Zanzibar tuna sheria yetu ya hakimiliki ya 2003, mbali na ile ya Bara ya 1999. Kwa hiyo msimbo uliokaa mtandaoni bila leseni yoyote si wa wote. Ni wa mtu ambaye hajakuruhusu. Ruhusa unaipata kwenye ile mistari, na kwa sharti kwamba uiache ilivyo. Ukiifuta, umechana kile kile cheti kilichokuingiza ndani.

Na kanusho nalo lina kazi. Ukiliondoa la mwandishi ukaweka jina la ofisi yako peke yake, anayesoma anaona nini? Anaona ofisi iliyoandika kila kitu na haikukataa dhamana ya chochote. Siku hesabu ya kilo ikikosea, mkulima atakuja kwako, na wewe hata hukuijua ile hesabu inafanywaje.

Sisi watu wa Visiwani jambo hili tunalijua kwa jina jengine: wakfu. Mtu akitoa kisima au nyumba akaiweka wakfu na akataja sharti lake, mafakihi wanasema sharti la mweka wakfu ni kama nassi, maandiko ya sheria yasiyobadilishwa. Utachota maji, utawapa wageni, utakikarabati kisima kikibomoka. Sharti lake huligusi, na jina lake hulibandui ukaweka lako. Nilipolifikiria hivyo nikafahamu kwa nini nilikosa usingizi.

Masharti yenyewe si mazito. Chukua leseni zinazotumika sana. Ile iitwayo MIT inataka jambo moja tu: ilani ya hakimiliki na ya ruhusa ziwemo katika kila nakala au sehemu kubwa ya programu. Mtu amekupa kazi ya miaka, amekwambia uza, badilisha, changanya, ila mistari hii ishirini iache. BSD inaongeza kwamba hata ukitoa programu iliyokwisha kukusanywa, ambayo mtu haoni msimbo wake, ilani iwemo kwenye nyaraka au vitu vinavyofuatana nayo. Apache 2.0, ya 2004, inataka uache ilani, useme wazi kuwa faili umelibadilisha, na kama mradi ulikuja na faili la NOTICE basi yaliyomo yafuatane na kazi yako. GPL ya pili, ya 1991, inataka ilani zote zibaki kama zilivyo, na faili ulilobadilisha liseme limebadilishwa na lini. Ile ya tatu, ya 2007, inakwenda njia hiyo hiyo.

Kuna anayesema haya ni adabu tu, mahakama haina habari nayo. Asome kesi ya Jacobsen na Katzer ya Marekani. Robert Jacobsen, mwalimu wa fizikia, alikuwa kwenye mradi huria wa kuendesha treni ndogo za kuchezea, JMRI. Upande wa pili ulichukua mafaili ya mradi ukayatia kwenye bidhaa yake, bila majina ya waandishi, bila ilani ya hakimiliki, bila kutaja faili la leseni, bila kusema nini kimebadilishwa. Mahakama ya chini ililiona kama jambo la mkataba tu. Agosti 2008 mahakama ya rufaa ikasema hapana: yale ni masharti ya ruhusa yenyewe, ukiyavunja umevunja hakimiliki. Treni za kuchezea, programu inayotolewa bure, na bado zile ilani zilikuwa na nguvu ya sheria.

Nitaendelea na namna tulivyorudisha. Wenye masuala waulize.

---

KijanaMikunguni

Waalaykum salaam kaka Fundi. Mimi ndio kwanza nnaanza fani. Suala langu: nimechukua faili la MIT, nikaandika upya karibu lote. Labda vipande vitatu tu vya asili (functions) vimebaki, navyo nimevibadilisha majina. Bado jina la yule nilibakishe? Maana kwa haki kazi kubwa ni yangu.

---

FundiWaMtambwe

Libakishe, mdogo wangu, na lako uliweke. Hayagombani. Jina lake linakaa juu, lako chini yake na mwaka wako, kisha ruhusa yake kamili. Hakuna leseni kati ya hizi inayokukataza kuongeza jina lako kwa kazi uliyoifanya.

Kubadilisha majina ya vipande hakuondoi asili. Hata ukiutoa msimbo kwenye lugha ya PHP ukauandika kwa lugha ya Python huku unafuata mstari kwa mstari, hiyo ni tafsiri, na tafsiri ina mwenyewe. Ukitaka faili liwe lako peke yako, funga la asili, andika unachotaka programu ifanye, halafu anza faili tupu.

Jambo hili lilizua mzozo mkubwa 2007. Kulikuwa na kiendeshi, programu ya kuziendesha kadi za Wi-Fi za Atheros, kilichotokana na kazi ya watu wa mfumo huria wa OpenBSD, chenye leseni legevu, ya masharti machache, ya ISC. Watu wa mfumo mwengine huria, Linux, walipokuwa wanakichukua, likapendekezwa badiliko lililoondoa ile ilani kwenye baadhi ya mafaili na kuweka ya GPL mahali pake. Wenyewe wakapaza sauti, na walikuwa na haki. Leseni legevu inakuruhusu kuichanganya kazi na ya GPL, haikuruhusu kufuta maneno ya mwenyewe. Mwezi wa Septemba mwaka ule, wanasheria wa programu huria, Software Freedom Law Center, wakatoa mwongozo ambao mpaka leo ndio naufuata: kama ulichoongeza ni kidogo, kiache chini ya leseni ile ile ya faili. Kama ulichoongeza ni kazi kweli na unataka kiwe GPL, weka ilani yako juu, halafu andika kwamba faili hili lina kazi iliyo chini ya ilani ifuatayo, na uinukuu ya mwanzo yote, herufi kwa herufi.

Kurekebisha nafasi na koma si kazi. Nimeona watu wanatia jina kwa kupanga mistari tu. Tuache hilo.

---

BintiMakunduchi

Fundi umenigusa. Mimi natengeneza tovuti za hoteli, Paje na Jambiani, na nataka kuongezea kitu ambacho wengi hawakioni.

Unaweza kuwa mwaminifu kabisa kwenye msimbo wako, na ilani zikapotea bila wewe kugusa kitu. Zinapotea pale unapoubana msimbo wa JavaScript uwe mdogo kwa ajili ya mtandao wa simu. Chombo cha kubana kinafuta maelezo yote, maana kwake yote ni uzito. Ndiyo maana waandishi wa maktaba nyingi huanza ilani yao kwa alama ya mshangao, `/*!`, au huweka neno `@license` ndani yake. Hiyo ni ishara kwa chombo: hii usiiguse. Vyombo vingi vinaitii. Ukiandika maktaba yako mwenyewe, anza hivyo hivyo.

Na wanaotumia webpack, chombo cha kufungasha msimbo wa tovuti: toleo la 5, ukitengeneza tovuti ya kwenda hewani, zile ilani inazitoa na kuziweka kwenye faili la pembeni, kwa mfano `main.js.LICENSE.txt`. Sasa wengi wetu huku tunapandisha mafaili kwa mkono kwenye seva. Mtu anapandisha `main.js`, lile jengine analiona kama takataka, linabaki kwenye laptop. Mimi nimefanya hivyo kwa tovuti tatu kabla sijajua. Nimezirudia zote, mwenye hoteli hata hakuelewa nabadilisha nini.

Kwenye simu, wanaotumia Flutter, chombo cha kutengenezea programu, wana urahisi: kuna ukurasa uliotengenezwa tayari, unauita kwa `showLicensePage`, unakusanya leseni za vifurushi vyote vilivyomo na kumuonesha mtumiaji. Ila angalieni hapa. Unakusanya vifurushi ulivyovivuta kwa njia ya kawaida. Faili ulilonakili kwa mkono ukalitia kwenye folda yako, haulijui. Hilo lazima uliandikishe mwenyewe kwa `LicenseRegistry`.

Na nyie wenye ramani, msisahau maandishi madogo ya pembeni yanayowataja wachangiaji wa ramani huria ya OpenStreetMap. Wabunifu wa kurasa wanapenda kuyaficha eti yanaharibu sura. Data ile iko chini ya leseni ya ODbL tangu 2012, na kutajwa kwao ni sharti.

---

MpembaWaWete

Naomba niseme kinyume kidogo, msinichukie. Hizo kesi ni za Marekani. Nani atapanda boti kuja kumshitaki fundi wa Wete kwa mistari ishirini? Vijana wetu wanahangaika na umeme, na bando, na mteja asiyelipa. Mnawaongezea mzigo ambao hata makampuni makubwa hawaubebi. Mimi nasema watu wafanye kazi kwanza, hayo ya ilani yaje baadaye.

---

FundiWaMtambwe

Sikuchukii hata kidogo, Mpemba mwenzangu, na shida ulizotaja nazijua moja moja. Lakini hapo sikubaliani na wewe.

Mzigo gani? Kuacha kitu mahali pake si kazi. Kilichotugharimu siku kumi na moja ni kufuta. Tungekaa tu bila kugusa, orodha ile kweli ingekuwa ya nusu saa.

Pili, usiangalie mahakama peke yake. Angalia nani anakulipa. Miradi inayokuja huku, ya afya, ya uvuvi, ya ardhi, mingi inajengwa juu ya programu huria. Mfumo wa taarifa za afya, DHIS2, ambao Wizara yetu ya Afya inautumia, unatoka Chuo Kikuu cha Oslo chini ya leseni ya BSD. Kikao cha kwanza cha kukaguliwa kazi ndipo unapojulikana kama unaaminika na kitu cha mtu au huaminiki. Sisi nusura tuikose kazi, na hakuna aliyepanda boti.

Na la tatu ndilo hasa. Sisi nasi tunaandika. Kuna kijana wa Wete leo ameweka msimbo wake hewani, na mtu wa Nairobi au Berlin atauchukua. Kitu pekee kitakachomwambia yule mtu kwamba huu ni mkono wa Mpemba ni huo mstari mmoja. Tukizoea kuufuta wa wenzetu, tutawaambia nini wakiufuta wetu?

---

BintiMakunduchi

Bwana Mpemba, angalia kanga. Pale ukingoni, chini ya pindo, unakuta maandishi madogo: K.H.E., Mali ya Abdulla. Kanga ile imetoka kwa wafanyabiashara wa Mombasa, imevuka bahari, imevaliwa harusini na msibani, imekatwa ikawa mbeleko ya mtoto. Maandishi yamo tu. Hakuna mama aliyewahi kusema yanaharibu kanga. Bibi yangu dukani Darajani alikuwa anayatafuta kwanza kabla ya kusoma jina la kanga, ndiyo ilikuwa alama yake ya kujua anachonunua.

---

MpembaWaWete

Hapo kwa kanga nimekuelewa. Hebu basi Fundi atueleze alivyorudisha, maana nina mradi nina wasiwasi nao.

---

MwalimuWaTunguu

Kabla ya hapo niingie kidogo. Mimi ni mwalimu wa kompyuta, na naona chanzo cha tatizo tunakitengeneza sisi walimu. Mwanafunzi anakatwa maksi kwa kunakili, kwa hiyo anajifunza kuficha alikotoa. Akija kazini anaendelea kuficha. Nimebadilisha: darasani kwangu kunakili msimbo huria kunaruhusiwa, mradi ilani imo na ameeleza nini chake. Asiyetaja ndiye anayekosa maksi. Vijana wameanza kuandika vizuri zaidi, kwa sababu hawana tena haja ya kuvuruga msimbo ili usijulikane.

Vijana pia hawajui kwamba vipande vya Stack Overflow, ile tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu, navyo vina leseni. Ni leseni ya Creative Commons iitwayo CC BY-SA, inayotaka mwenyewe atajwe na kazi igawiwe kwa leseni ile ile: majibu ya kabla ya Aprili 2011 ni toleo la 2.5, baada ya hapo 3.0, na tangu Mei 2018 ni 4.0. Kwa hiyo ukichukua kipande cha maana, weka kiungo cha jibu na jina la aliyejibu juu yake. Mstari mmoja.

Na kwa wale mnaotumia picha za droni za Visiwani: kazi ile ilianza 2016, Kamisheni ya Ardhi pamoja na wanafunzi wa chuo kikuu chetu cha SUZA wakirusha droni ndogo juu ya Unguja na Pemba. Mkizipata kupitia OpenAerialMap, hifadhi huria ya picha za angani, leseni yake ni CC BY 4.0, maana yake mtaje chanzo. Inaniuma nikiona ramani ya biashara imetumia picha zile, kazi ya vijana wetu wenyewe, na hakuna neno.

Suala moja kwa Fundi. Wanafunzi wananiuliza kama ilani inaweza kutafsiriwa Kiswahili.

---

FundiWaMtambwe

Mwalimu, Mungu akuzidishie. Hilo la maksi natamani lingekuwepo nilipokuwa skuli.

Tafsiri: ilani ya mtu mwengine usiitafsiri mahali pake. Maneno yale ndiyo aliyoyatia mkono. Hata wenye GPL, Free Software Foundation, wanaruhusu tafsiri za kufahamishana tu. Yenye nguvu ya kisheria inabaki ya Kiingereza. Kwa hiyo faili la LICENSE liache lilivyo, halafu pembeni andika faili lako la maelezo kwa Kiswahili, useme wazi kuwa ni maelezo. Sisi tumefanya hivyo, na kwa kweli wenzangu wawili ndiyo mara ya kwanza wameisoma leseni mpaka mwisho.

Sasa tulivyorudisha.

Kama mnatumia Git, chombo kinachohifadhi kila badiliko la msimbo, na historia iko sawa, kazi ni ndogo. Amri ya `git log -S "Copyright"` inakutafutia kila mahali ambapo neno hilo liliongezwa au kuondolewa, unaona siku ilipofutwa na unarudisha. Msiba wetu ulikuwa kwamba vitu vingi tulivileta kama mafurushi ya zipu, tukavifungua, skripti ikapita, ndipo tukahifadhi kwa mara ya kwanza. Historia yetu ilizaliwa bila ilani.

Ikabidi twende kwa wenyewe. Kwa kila maktaba, kupakua toleo baada ya toleo kutoka kwenye mradi wa asili na kulilinganisha na letu mpaka tukute lile ambalo tofauti yake ni mistari ya juu tu. Leaflet ilikuwa rahisi, namba ya toleo imo ndani ya msimbo. Nyengine tulikwenda kwa kubahatisha tarehe. Usirudishe ilani ya toleo jipya kwenye faili la toleo la zamani, majina huongezeka njiani na leseni huweza kubadilika. Tulitumia pia ScanCode, chombo cha kutafuta ilani na leseni, kupekua mafaili mote. Ilitukamatia vipande viwili vilivyokuwa ndani ya mafaili tuliyodhani ni yetu kabisa.

Baada ya hapo tukaweka mpango, na huu ndio ningependa Mpemba auchukue. Vitu vya watu vyote vina folda yao, na hakuna skripti yetu inayoruhusiwa kuingia humo, hata ile ya kupanga nafasi. Kwenye mafaili yetu tunatumia alama za SPDX, mfumo wa kutaja leseni kwa ufupi ulioanza 2010 na sasa ni kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 5962 ya 2021. Faili lenye mikono miwili linaanza hivi:

`// SPDX-FileCopyrightText: mwaka na jina la mwandishi wa asili`
`// SPDX-FileCopyrightText: mwaka na jina letu`
`// SPDX-License-Identifier: MIT`

Mstari wa leseni unasomwa na mtu na unasomwa na mashine. Linux yenyewe ilikuwa na maelfu ya mafaili yasiyosema leseni yake. Mwaka 2017, kwenye toleo la 4.14, wakayapitia na kuyatia alama hizi. Halafu kuna utaratibu wa REUSE wa FSFE, jumuiya ya programu huria ya Ulaya: maandiko kamili ya leseni yanakaa kwenye folda ya `LICENSES`, kila faili linajitaja, na picha isiyoweza kuandikwa ndani inapewa faili dogo la pembeni lenye mwisho wa `.license`. Ukiandika `reuse lint` inakwambia lipi halina. Tumeiweka ikague kila tunapopandisha msimbo, bila hivyo haupokelewi.

Lakini SPDX isiwe kisingizio. Kama faili la mtu lina ilani ndefu ya zamani, usiifute eti umeweka alama fupi. Iongeze juu, ile ndefu iache. Mwenye haki ya kufupisha ni mwenyewe.

---

KijanaMikunguni

Na mwaka je? Kila Januari naona miradi inabadilisha mwaka kwenye mafaili yote. Nifanye hivyo?

---

FundiWaMtambwe

Kwenye mafaili ya watu, usiguse. Mwaka ule ni wa kwake. Kwenye yako, weka mwaka uliochapisha, ongeza mwengine ukifanya kazi ya maana. Ulinzi wako hautegemei mwaka kuwa mpya. Mradi wa curl, chombo huria cha kuhamisha data mtandaoni, mwanzoni mwa 2023 waliamua kuondoa miaka kabisa kwenye ilani zao, wakabakisha jina. Ila walikuwa wanagusa ilani yao wenyewe.

Niongeze na hili kwa sababu sitaki mdhani tumemaliza salama. Limebaki faili moja. Linabadilisha tarehe za Miladi kuwa za Hijria, tulilitumia kwa kalenda ya malipo wakati wa Ramadhani. Si letu, mtindo wake si wetu, na hatukulipata kwenye mradi wowote tulioupekua. Mtu aliliandika kwa uangalifu mkubwa, kila mwezi umefafanuliwa. Jina lake lilikuwa juu pale na sisi tumelifuta. Tumelitoa kwenye programu, dada mmoja ofisini anaandika jengine kutoka mwanzo bila kuliangalia. Anayelitambua kwa maelezo haya aniandikie faraghani, nataka nimpate mwenyewe nimwambie.

---

KijanaMikunguni

Nimerekebisha la kwangu kaka. Jina la mwandishi wa asili juu, langu chini, alama ya SPDX, na faili la LICENSE nimeliweka. Nimekutumia, naomba uangalie.

---

FundiWaMtambwe

Nimeliona. Vichwa vya mafaili viko sawa. Rudi kwenye LICENSE: umechukua kielelezo cha MIT kama kilivyo, na nafasi za mwaka na jina bado ziko kwenye mabano, hujazijaza. Andika yeye mstari wa kwanza, wewe wa pili, kisha unitumie tena.